MVUA, VYOO NA KIPINDUPINDU: MAELEZO KWA WAKAAZI WA MANZESE NA NDUGU ZAO WA VISIWANI

Mwezi wa Agosti 2015 maradhi ya kipindupindu yaliripuka katika Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam, ambayo wakati huo ilijumuisha kata ya Manzese, iliyomo sasa katika Manispaa ya Ubungo. Mwezi uliofuata yakafika Unguja. Hadi Aprili 2016 nchi nzima ilikwishapata wagonjwa zaidi ya 24,000 na vifo zaidi ya 370. Kati ya wagonjwa hao, zaidi ya 3,000 walikuwa Zanzibar. Bahari haikuyazuia maradhi hayo. Vyombo vya abiria huvuka kila siku, na wengi wanaobeba vijidudu vya kipindupindu hawaoni dalili yoyote. Kwa hivyo, linalotendeka katika uwa wa nyumba moja ya Manzese linamhusu pia aliyeko Unguja na Pemba.

Kipindupindu huletwa na bakteria wanaotoka katika kinyesi cha mtu na kuingia kwa mtu mwengine kwa njia ya mdomo, kupitia maji, chakula au mikono. Dalili huanza baada ya saa chache hadi siku 5. Mgonjwa huharisha choo cha majimaji mithili ya maji yaliyooshewa mchele, na mara nyingi hutapika. Kinachomuua ni kupotea kwa maji na chumvi mwilini, na jambo hilo huweza kutokea katika muda wa saa chache tu.

Wapo wanaouliza kwa nini maradhi haya hupenda kurudi katika mitaa kama Manzese na Tandale. Jawabu lipo katika ardhi na ujenzi wa mitaa yenyewe. Nyumba zimebanana, na nyumba moja huwa na wapangaji wa vyumba vingi wanaotumia choo kimoja cha shimo. Katika sehemu za mabondeni maji ya ardhini yapo karibu, hivyo shimo halichimbwi kwa kina na hujaa upesi. Gari la kunyonya majitaka haliwezi kupita katika vichochoro, na gharama yake huwalemea wengi. Hapo ndipo hutokea tendo linaloitwa kutapisha choo: mvua kubwa inaponyesha, shimo hufunguliwa na uchafu kuachwa uchukuliwe na maji.

Ifahamike kuwa uchafu huo hautoweki. Hupita mlangoni kwa jirani, huingia katika visima vifupi, na hufuata mitaro hadi Mto Ng'ombe, ambao hupeleka maji yake Mto Msimbazi. Aidha, bomba lililopasuka huweza kuvuta maji machafu kila msukumo wa maji unapopungua. Mwenye nyumba anayetapisha choo usiku huenda akayanywa maji hayo mwenyewe asubuhi.

Hivyo basi, wenye nyumba na wapangaji wanaombwa kushauriana mapema, kabla ya masika, na kuchangia gharama za kukitoa kinyesi kwa njia ya salama. Pale gari lisipofika, ipo njia nyengine. Katika Temeke, vikundi vidogo vya wakaazi vimefanya kazi hiyo kwa pampu za mkono na kuusafirisha uchafu kwa pikipiki za magurudumu matatu. Anayeona choo kinatapishwa atoe taarifa kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa au Afisa Afya wa kata. Kufanya hivyo si fitina. Ni kulinda roho za watoto wa mtaa mzima.

Ndani ya nyumba, kila mmoja anakumbushwa yafuatayo:

(a) Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kufuata maelezo ya paketi. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi.

(b) Maji yaliyokwisha kusafishwa yawekwe katika chombo chenye mfuniko, na yasichotwe kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono.

(c) Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kupika, kula au kulisha.

(d) Chakula kiliwe kingali cha moto. Mama lishe na wauzaji wa matunda wafunike vyakula vyao na watumie maji safi kuoshea vyombo.

Mtu akianza kuharisha na kutapika, asisubiriwe hadi alegee. Apewe mara moja maji ya chumvi na sukari ya paketi zinazotolewa zahanati. Zikikosekana, ichukuliwe lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto aendelee kunyonya. Wakati huo huo mgonjwa apelekwe kituo cha afya kilicho karibu, huku akiendelea kunyweshwa njiani. Wagonjwa walio wengi hupona kwa maji hayo tu. Aliyezidiwa hutundikiwa dripu. Kumficha mgonjwa kwa kuona haya ni kumnyima tiba iliyo nyepesi.

Chanjo ya kunywa nayo ipo. Zanzibar iliitoa kwa dozi mbili mwaka 2009 katika baadhi ya shehia za Unguja na Pemba, na ilionekana kuwakinga wengi walioinywa. Hata hivyo, chanjo haiondoi haja ya choo kilicho salama.

Mwaka 1997 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 2,000 nchini. Watu hao hawakufa kwa kukosa dawa adimu; maji, chumvi na sukari vimo karibu katika kila jiko. Wananchi wanaombwa wasingoje tangazo la mripuko. Masika hujulikana miezi yake, na shimo lililojaa huonekana kwa macho kabla mvua haijanyesha.