Je, Wajua? Ugonjwa Hufika, Uvumi Umekwisha Kutangulia

Je, wajua kwamba mwaka 2024 watu zaidi ya 90 walikufa kwa sababu ya habari za kipindupindu, wala si kwa kipindupindu chenyewe? Tarehe 7 Aprili mwaka huo, mashua ya uvuvi yenye watu wapatao 130 ilizama pwani ya Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Haikuwa na kibali cha kubeba abiria. Waliokuwamo walikuwa wanakikimbia kipindupindu kuelekea Kisiwa cha Msumbiji, na viongozi wa mkoa walieleza baadaye kwamba kilichowajaza watu ndani ya mashua ile ni hofu iliyoletwa na taarifa za uongo. Watoto walikuwa wengi miongoni mwa waliokufa. Kipindupindu hakimwandami mtu kwa upepo. Huingia kwa mdomo, kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mgonjwa. Mama anayelijua hilo huchemsha maji, hunawa mikono kwa sabuni na hubaki nyumbani na wanawe.

Msimu uleule kipindupindu kilikuwa mkoani Simiyu pia. Kwa hiyo tunaposoma habari za Nampula hapa Kiloleli, mkoani humohumo, hatusomi za mbali.

Je, wajua kwamba mgonjwa wa kipindupindu akiwahi kutibiwa, nafasi ya kufa ni chini ya mmoja kwa mia? Wenye hali mbaya wasipotibiwa, hufa hata nusu yao. Dawa ya kwanza ni maji yenye chumvi na sukari (ORS). Kama pakiti za ORS hazipo, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo huku mnaelekea kituo cha afya. Ujumbe huu ni mfupi kuliko uvumi wowote utakaoupata kwenye simu, nao ndio unaostahili kusambazwa.

Je, wajua kwamba Msumbiji hiyohiyo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, watumishi wa afya wamewahi kupigwa na hata kuuawa kwa madai kwamba klorini wanayotia visimani ndiyo kipindupindu chenyewe? Ukikaa na kufikiri, utaona dai hilo limetoka wapi. Mwanakijiji anaona wageni wakimwaga unga mweupe kisimani, na siku chache baadaye jirani anaanza kuharisha. Kumbe wageni wale wamekuja kwa sababu ugonjwa umekwisha kufika kijiji cha pili. Macho yameona sawasawa, hitimisho ndilo lililogeuka. Ninavyoona mimi, hapo kumtukana mwanakijiji hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni mtumishi kuitisha mkutano kabla ya kufungua pakiti, kueleza kilichomo, kisha kuwa wa kwanza kuyanywa maji hayo mbele ya watu.

Je, wajua kwamba Ebola ilipoingia Kivu Kaskazini, Kongo, mwaka 2018, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na mmoja kati ya kila wanne akasema Ebola haipo? Ilikuwa Septemba, wiki chache tu tangu mlipuko utangazwe. Walioamini kwamba viongozi wao wa mahali wanatenda kwa manufaa ya wananchi hawakufika theluthi moja. Hawa ni watu wanaosema Kiswahili kama sisi, waliokwisha kuishi miaka mingi chini ya mauaji ya vikundi vyenye silaha bila mtu kuja kuwaokoa. Ghafla magari yakaja kwa wingi, kwa ugonjwa mmoja. Wakauliza: kwa nini sasa? Desemba ya mwaka huo uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, sababu ikatajwa kuwa Ebola na usalama, na waliokuwa wakisema ugonjwa ni siasa wakapata ushahidi wa kuonyesha. Tarehe 19 Aprili 2019, Dk. Richard Mouzoko, daktari kutoka Kameruni aliyefanya kazi na Shirika la Afya Duniani, aliuawa ndani ya hospitali mjini Butembo. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Nimeikalia habari hiyo kwa sababu ndiyo inayotufundisha zaidi. Uvumi hauoti penye ujinga peke yake. Huota penye watu waliokwisha kudanganywa, au waliouliza wasijibiwe.

Na kwetu? Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wengi waliuita Juliana, jina la nguo za biashara zilizovuka mpaka kutoka Uganda, na wapo waliosadiki kwamba ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa. Mwaka huohuo, gazeti moja la India lilichapa barua isiyo na jina iliyodai kwamba ugonjwa huo umetengenezwa na jeshi la Marekani. Nyuma ya uongo huo walikuwa majasusi wa KGB wa Kisovieti, ambao miaka iliyofuata waliusukuma hadi ukachapishwa katika nchi nyingi, za Afrika zikiwamo. Kwa hiyo mtu anayekuambia leo kwamba anaijua siri hiyo, huenda anarudia kazi ya ofisi moja ya ujasusi iliyofanyika kabla hajazaliwa.

Je, wajua kwamba kuanzia mwaka 2020 Tanzania ilikaa zaidi ya mwaka mzima bila kutoa hesabu ya wagonjwa wa korona? Hesabu iliyobaki kwenye kumbukumbu za dunia ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21. Tarehe 3 Mei 2020, Rais wa wakati huo, John Magufuli, akiwa Chato, alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zilirudi na majibu ya kuwa na virusi. Siku chache baadaye mkuu wa Africa CDC, kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa, Dk. John Nkengasong, alikataa hoja kwamba vipimo vyenyewe vilikuwa vibovu. Mwananchi aliachwa katikati. Hakuna idadi, hakuna ramani ya ugonjwa, na kila msiba ukawa na tafsiri zake. Julai 28, 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani na kampeni ya chanjo ikazinduliwa, lakini tetesi dhidi ya chanjo zilikuwa zimetangulia kwa miezi. Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wakati wa mlipuko, sijui methali yenye madhara kuliko hii.

Picha ya zamani ikitolewa kama ya leo ni uongo, hata kama haikuchezewa. Aprili 2020 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilisimamisha kwa miezi 6 leseni ya mtandaoni ya gazeti la Mwananchi na kulitoza faini ya shilingi milioni 5 kwa picha ya Rais Magufuli akinunua samaki kwenye msongamano wa watu, ikisema si ya wakati ule wa korona. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya picha yoyote ni: ya lini?

Je, wajua kwa nini kikombe cha Babu wa Loliondo kiliaminiwa haraka vile mwaka 2011? Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kijijini Samunge, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na vigogo walikuwamo. Kila aliyerudi akijisikia nafuu alisimulia, kwenye basi, kanisani, dukani. Waliofia foleni hawakusimulia. Walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakazikwa miezi iliyofuata, hao nao hawakurudi kutoa ushuhuda. Ushuhuda wa waliopona ni nusu ya daftari, na ile nusu ya pili iko makaburini. Ukisikia fulani alikunywa akapona, uliza: wangapi walikunywa, na wengine wako wapi?

Je, wajua kwamba sehemu muhimu ya ushahidi kuwa dozi moja tu ya chanjo ya HPV huwatosha wasichana ilitoka hapo jirani, Mwanza? Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti ulioitwa DoRIS. Chanjo hii huzuia saratani ya mlango wa kizazi. Uvumi kwamba inafunga uzazi unasikika hadi leo, nao unamnyima binti kinga dhidi ya saratani inayokishambulia kizazi chenyewe.

Haraka haraka sasa. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe wa WhatsApp, ujue umepita mikono mingi, na aliyekutumia siye aliyeutunga. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaruhusiwa kutumwa kwa gumzo moja tu kwa wakati mmoja, na kampuni ilisema usambaaji wake ulipungua kwa asilimia 70. Utafiti uliotoka mwaka 2018 kuhusu Twitter ulikuta kweli ilichukua muda mara 6 zaidi kuliko uongo kuwafikia watu 1,500. Namba ya simu 199 ni ya Wizara ya Afya, ni bure, na anayepokea anajibu kwa Kiswahili.

Hilo la lugha lina uzito wake huku kwetu. Tangazo la Wizara huja kwa Kiswahili sanifu, lakini sauti ya uvumi iliyorekodiwa huja kwa Kisukuma, kwa lafudhi ya shangazi, na bibi asiyesoma huisikiliza kwa kuwa inafanana na ya nyumbani. Mhudumu wa afya wa jamii anayeeleza kwa Kisukuma siku ya mnada anafika mahali ambapo bango halifiki.

Na watoto je? Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakiwamo Allen Nsangi na Daniel Semakula, walifanya jaribio katika shule za msingi 120 za katikati ya Uganda, likihusisha wanafunzi zaidi ya 10,000. Nusu ya shule zilifundisha darasa la tano jinsi ya kupima madai ya tiba: nani kasema, kalinganisha na nini, kwa watu wangapi. Kwenye mtihani, waliofundishwa walifaulu asilimia 69, wasiofundishwa asilimia 27. Wazazi nao walisikilizishwa vipindi vya sauti wakafanya vizuri, lakini mwaka mmoja baadaye ujuzi wao ulikuwa umeshuka sana. Watoto hawakusahau. Kitabu walichosomea, chenye hadithi za picha, kimetafsiriwa kwa Kiswahili, na mwalimu yeyote wa Kiloleli anaweza kuanza nacho muhula ujao.