Simu Yapima Shamba, Nani Atakopesha Nyumba?

Mwananchi wa Oldonyo Sambu, kando ya barabara iendayo Namanga, hujenga kidogo kidogo: akiuza ng'ombe mwaka huu hununua saruji, mwakani mabati. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyokuwa ikikopesha wafanyakazi na wakulima, ilifungwa mwaka 1995. Sheria ya mikopo ya nyumba ya mwaka 2008 imewafaa zaidi wenye mishahara.

Hata hivyo, mwaka 2014 vijana wa kijiji cha Ilalasimba, Iringa, walipima mashamba ya majirani zao kwa simu za mkononi ili wapatiwe hati za hakimiliki ya kimila. Jambo hilo si dogo. Lakini benki nyingi huipokea hati hiyo kwa kusitasita, na wazee nao huogopa, si bure, kuweka rehani shamba la ukoo.

Simu hiyo hiyo hutunza kumbukumbu ya fedha za mfugaji, alizopokea mnadani na alizolipa karo. Kwa nini kumbukumbu hizo zisiwe ushahidi wa uwezo wake, na marejesho yafuate msimu badala ya mwisho wa mwezi? Wakuu wa Ardhi na Fedha hawana budi kulijibu swali hilo. Na ndugu zetu wa Visiwani, wenye sheria yao ya ardhi, walijibu kwanza kabla ya kuagiza mitambo.