Sura ya Tano: Gemu Inapokwama

Mchezaji wa mtandaoni akilalamika kwamba gemu inakwama, huenda ana tatizo mojawapo kati ya mawili yasiyohusiana kabisa. Kuna tatizo la mashine: kompyuta inashindwa kuchora picha kwa kasi inayotakiwa. Kuna tatizo la safari: taarifa zinachelewa kwenda kwenye seva na kurudi. Dawa ya moja haigusi lingine. Ndiyo maana wapo wanaoongeza bando huku laptopu yao inaungua kwa joto, na wapo wanaonunua kadi mpya ya grafiki huku seva wanayochezea iko Ulaya.

Tuchukue Counter-Strike 2, iliyotoka Septemba 2023. Kwenye mipangilio yake unaweza kuwasha namba za kukaa juu ya skrini: idadi ya fremu (picha) kwa sekunde, ping, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, na pakiti za taarifa zinazopotea njiani. Ziwashe kabla hujabadilisha chochote. Kisha fungua ramani ya mazoezi dhidi ya boti, kwenye kompyuta yako mwenyewe, bila kuingia kwenye seva ya mtu. Picha ikiendelea kugandaganda, mtandao hauna kosa.

Skrini ya kawaida huonyesha picha 60 kwa sekunde, kwa hiyo kompyuta ina milisekunde 16.7 tu za kuchora kila moja. Ikishuka hadi 30, kila picha inakaa milisekunde 33, na kulenga shabaha kunakuwa kazi. Wastani usikudanganye. Gemu inayokwenda fremu 90 lakini kila baada ya muda inatoa picha iliyochukua milisekunde 100 inaudhi kuliko ile inayotulia kwenye 60.

Kujua nani amelemewa, grafiki au prosesa, punguza ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Fremu zikipanda sana, mzigo ulikuwa kwenye grafiki. Punguza vivuli na moshi. Zisipopanda, prosesa ndiyo iliyochoka, na hapo funga kivinjari na programu nyingine zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Gemu ikianza vizuri kisha ikalegea baada ya dakika kumi au kumi na tano, shuku joto: prosesa hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na vumbi kwenye feni linatosha kuleta hali hiyo. Chomeka chaja pia, maana laptopu nyingi hubana nguvu zikiwa kwenye betri. Kwa wenye laptopu isiyo na kadi ya grafiki ya pekee, kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi: grafiki hiyo inakopa RAM ya kompyuta, na RAM mbili za ukubwa sawa huilisha haraka kuliko moja peke yake. Kwa mashine kama hiyo, kuongeza RAM ya pili ndiyo fedha itakayokulipa kuliko nyingine yoyote.

Ikiwa picha inateleza vizuri lakini adui anarukaruka, wewe mwenyewe unarudishwa nyuma hatua mbili, au unauawa ukiwa umeshajificha nyuma ya ukuta, hilo ni suala la safari. Linahitaji subira zaidi, kwa sababu njia ni ndefu na mengi yako nje ya mikono yako.

Mwaka 1996 gemu ya Quake ilipochezwa kwa modemu za simu, mchezaji alibonyeza kitufe cha kwenda mbele, akangoja seva ikubali, ndipo akaona amesogea. John Carmack, mmoja wa waundaji wake, alilitatua tatizo hilo kwa toleo la QuakeWorld mwaka huo huo: kompyuta yako ikusogeze papo hapo kwa kukisia, kisha ijirekebishe jibu la seva likifika. Kule kurudishwa nyuma hatua mbili ni marekebisho hayo, pale kisio lilipokosea. Mwaka 2001 Yahn Bernier wa kampuni ya Valve alieleza mbinu nyingine: risasi inapofika, seva inarudisha saa nyuma na kuangalia mpigaji aliona nini alipobonyeza. Kwa macho yake ulikuwa bado hujafika ukutani. Kwa hiyo unayedhani ametumia hila mara nyingi hana hatia. Ni ping zenu mbili zinakutana, na seva imelazimika kumwamini mmoja.

Anza kupima nyumbani. Fungua dirisha la amri uandike ping kisha anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1. Jibu lirudi ndani ya milisekunde chache na lisiyumbe. Likipanda na kushuka, 3 hadi 80, waifai yako ndiyo mgonjwa: hamia masafa ya gigahezi 5, au bora zaidi, vuta waya.

Ruta ikiwa salama, pima seva ya nje huku mtu mwingine nyumbani akipakia video. Gemu yenyewe hula kidogo, mara nyingi chini ya megabiti moja kwa sekunde, lakini pakiti zake zinapanga foleni nyuma ya picha zinazopanda mtandaoni, kama gari dogo nyuma ya malori kwenye mlima Kitonga. Bando kubwa halitoi nafuu hapo. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa kanuni iitwayo CoDel inayozuia foleni kurefuka. Ruta yako ikiwa na mpangilio wa aina hiyo, uwashe. Isipokuwa nao, zima upakiaji wa picha wakati wa kucheza.

Kinachobaki ni umbali. Mwanga ndani ya mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi hadi London kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 6,800, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 68, na mikongo hainyooki: inazunguka kupitia Bahari ya Shamu. Hakuna kompyuta itakayopunguza hilo. Kabla ya mikongo ya baharini ya Seacom na TEAMS kufika mwaka 2009, mawasiliano ya pwani ya Afrika Mashariki yalipanda satelaiti iliyo kilomita 36,000 angani, na swali na jibu vilikula karibu nusu sekunde. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, Tanzania na jirani zake walikumbushwa jinsi njia hizo zilivyo chache.

Chagua basi seva ya Johannesburg au Dubai, lakini usiamini ramani peke yake, kwa sababu pakiti huweza kupelekwa Ulaya kwanza. Amri ya tracert itakuonyesha kila kituo inapopita. Ukiona mzunguko wa namna hiyo, wapelekee watoa huduma wako matokeo hayo pamoja na saa uliyopima. Na upime leo, mtandao ukiwa mzima, uandike namba zako mahali: siku gemu ikikwama, utakuwa na cha kulinganisha.