Hewa kwenye rejeta huunguza injini

DEREVA anayetoka Mugumu wilayani Serengeti, akavuka Mto Mara na kuanza kupandisha nyanda za juu za Tarime, injini ikichemka huongeza maji haraka, hufunga kifuniko na kuondoka. Baada ya kilometa chache huchemka tena, lawama zikaishia kwa rejeta.

Mara nyingi tatizo ni hewa iliyonaswa ndani. Hewa haibebi joto kama maji. Kibaya zaidi, kihisio cha joto kikizungukwa na hewa, mshale wa geji huweza kushuka ilhali injini inaungua.

Injini iachwe ipoe kabisa, kwani mvuke wa rejeta hubabua. Kisha maji yajazwe polepole, kifuniko kikiwa wazi, injini ikinguruma taratibu hadi mapovu yaishe. Yasipoisha, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua.