Moyo ukisimama, feri ikiwa ng'ambo

Mchezo wa runinga wa ER ulianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1994. Humo, katika chumba cha dharura, mtu aliyesimama moyo hukandamizwa kifua, na mara akafumbua macho. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba katika ER na vipindi vingine viwili, asilimia 75 ya waliokandamizwa walizinduka. Laiti ingekuwa hivyo! Kwa wanaoangukia nje ya hospitali, hata katika nchi tajiri, hupona kama mmoja katika kumi.

Sasa mfikirie aangukaye Likoni. Hospitali Kuu ya Pwani iko kisiwani, na feri ina foleni. Ubongo usiopata damu huanza kufa baada ya dakika chache tu.

Kwa hiyo msomaji, daktari wa kwanza ni wewe. Ikiwa hajitambui wala hapumui sawasawa, mwite mtu atafute gari. Mlaze chali mahali pagumu, weka viganja katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu, sentimita 5 kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mkichoka, pokezaneni. Ubavu ukivunjika, utaungwa baadaye. Na maji ya kumwagia usoni yaacheni mtungini.