Tovuti isiyodai kubembelezwa: Wabunifu wa Kigali na wateja wa ng'ambo ya mpaka

KIGALI – Oktoba 4, 2021, saa 11:40 jioni kwa saa za Kigali, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja duniani kote na kukaa gizani karibu saa sita. Kampuni inayozimiliki ilieleza baadaye kwamba mabadiliko ya mipangilio yaliyofanywa na wahandisi wake yenyewe yalikata mawasiliano kati ya vituo vyake vya data. Kwa waliokuwa wakipiga soga, ilikuwa jioni ya kimya tu. Kwa mshonaji wa Kimironko au msusi wa vikapu ambaye picha zote za kazi zake ziko Instagram na oda zote zinapitia WhatsApp, duka lilikuwa limefungwa na mtu mwingine, na ufunguo ulikuwa California.

Saa sita huvumilika. Kuna kufuli zinazokaa zaidi. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na kufuli hilo liliendelea kwa miaka baada ya kura kuhesabiwa. Mnunuzi wa Kampala aliyetaka kuona ukurasa wa Facebook wa fundi wa Kigali alilazimika kupita njia za uchochoroni. Barabara nazo zina yake: mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa tena hadi Januari 31, 2022, Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Siku ambazo gari halipiti, mfanyabiashara hubaki na kioo cha simu kama dirisha lake pekee la kuonea mali. Kwa hiyo swali la wapi mbunifu ataweka albamu ya kazi zake linamhusu pia anayenunua kwake.

Na Kigali ina mengi ya kuonyesha. Inema Arts Center, iliyoanzishwa mwaka 2012 na ndugu wawili wachoraji, Emmanuel Nkuranga na Innocent Nkurunziza, imewafikisha wasanii wake mbali. Kituo cha Wanawake cha Nyamirambo, kilichoanza 2007 kwa wanawake 18, hushona na kuuza bidhaa za vitenge. Kijiji cha sanaa cha Caplaki, Kicukiro, kimejaa vibanda vya vinyago, agaseke na imigongo, zile picha za mistari na pembe zinazotengenezwa kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, ufundi uliotokea upande wa Kirehe, kwenye barabara iendayo Rusumo na Tanzania. Wakubwa wana watu wa kuwasimamia tovuti zao. Anayehangaika ni fundi mmoja mwenye cherehani tatu, asiye na muda wala mtu wa kompyuta, na ndiye ambaye wachuuzi wengi wa mpakani hununua kwake.

Anayemwambia fundi huyo "tengeneza tovuti" mara nyingi humtajia njia moja kati ya tatu.

Ya kwanza ni WordPress, programu ya bure inayoendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani. Ina uwezo mkubwa, na hapo ndipo ulipo mzigo. Inataka programu kuu isasishwe, viongezo vyake visasishwe, mandhari yake isasishwe. Ukiiacha miezi minane bila kuigusa, unaacha mlango wazi kwa wahalifu wanaotafuta viongezo vya zamani kwa mashine, usiku na mchana. Mgeni anayekuja kuangalia vikapu hujikuta kwenye tangazo la kamari. Kwa gazeti au duka kubwa la mtandaoni, gharama hiyo ina maana. Kwa picha 12 za vikapu, ni kununua lori la kubebea debe moja la maharage.

Ya pili ni huduma za kulipia kama Wix na Squarespace. Hapa kampuni hubeba matengenezo yote, na fundi hupanga picha zake kwa kuburuta kidole. Ni njia nzuri kwa mwenye kipato cha uhakika. Tatizo ni malipo: ni ya dola, kwa kadi ya benki, mwezi baada ya mwezi au mwaka baada ya mwaka. Kadi ikiisha muda au salio likipungua, tovuti hushushwa. Tena kazi iliyopangwa ndani ya huduma hizo haihamishiki kwa urahisi. Ukihama, unajenga upya.

Ya tatu ni vya bure, na vya bure vina mwenyewe. Machi 2024 Google ilizima tovuti za bure ambazo wafanyabiashara wadogo walikuwa wametengeneza kupitia huduma yake ya Google Business Profile. Waliochapisha anwani hizo kwenye kadi na mabango walibaki na karatasi.

Njia inayozungumzwa kidogo ndiyo inayomfaa zaidi fundi wetu: ukurasa mmoja wa kawaida, maandishi na picha, usio na hifadhidata wala viongezo nyuma yake. Kurasa za aina hii hazizeeki upesi kwa sababu hazina mashine ya kuharibika. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, kazi ya Tim Berners-Lee alipokuwa CERN, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, bado husomeka kwenye simu ya leo. Kijana aliyesoma kompyuta anaweza kuutengeneza ukurasa kama huo kwa siku chache, na huduma kama GitHub Pages huuhifadhi bila malipo. Hata hiyo nayo ni ya bure, lakini tofauti ni kwamba mafaili yote hukaa pia kwenye flashi ya fundi. Huduma ikifungwa asubuhi, mchana huo huo ukurasa unaweza kuwekwa kwingine, chini ya anwani ile ile.

Uzito wa picha nao si jambo dogo. Picha moja ya simu ya kisasa inaweza kufika megabaiti 4; zikiwa 12, mteja wa Goma au Bukoba anapoteza megabaiti 48 za bando lake kabla hajaamua chochote. Zikipunguzwa hadi kilobaiti 200 kila moja, jumla haifiki megabaiti 2 na nusu, na kwenye kioo cha simu jicho halioni tofauti. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki kuanza kuchechemea, kurasa nzito ndizo zilizoumia kwanza.

Kinachoandikwa ndicho huamua kama ukurasa utahitaji mkono kila wiki. Sehemu ya "habari mpya" iliyoandikwa mara ya mwisho miaka mitano iliyopita humfanya mteja adhani mwenye duka amefariki. Afadhali isiwepo. Bei hubadilika, hivyo ziachwe kwa simu. Lakini vipimo, idadi ya chini ya oda, siku za kutengeneza na namna mzigo unavyofungwa kwa safari havibadiliki kila mwezi, na ndivyo mchuuzi wa mpakani anavyotaka kujua. Namba ya simu iandikwe na +250 mbele, kwa maandishi ya kunakilika, si ndani ya picha. Lugha ziwe zaidi ya moja: Kinyarwanda kwa nyumbani, Kifaransa kwa Bujumbura na Bukavu, na Kiswahili, ambacho tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, kwa karibu kila upande mwingine.

Fomu ya kujaza majina na namba za wateja nayo ni ya kuepuka. Sheria ya Rwanda ya kulinda taarifa binafsi, ya Oktoba 2021, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwa mamlaka ya usalama wa mtandao, NCSA. Kiungo kinachofungua WhatsApp kinatosha, na hakiachi daftari la wateja kwenye seva.

Kitu kimoja hakifai kuachwa kwa mtu mwingine, nacho ni jina la tovuti. Hata Rwanda iliwahi kupambana kwa hilo: majina yanayoishia na .rw yalikuwa yakisimamiwa kutoka nje ya nchi, hadi mwaka 2012 yalipokabidhiwa RICTA, taasisi ya hapa Kigali. Leo majina hayo husajiliwa kupitia mawakala walioidhinishwa. Yaliyotokea kwa nchi hutokea kwa fundi. Kijana aliyetengeneza ukurasa husajili jina kwa barua pepe yake mwenyewe, hupata kazi Dubai, na taarifa ya kulipia upya humfikia yeye. Muda ukipita, jina hurudi sokoni na yeyote anaweza kulinunua.

Atakayelinunua anaweza kuweka picha zile zile na namba yake ya simu, kisha asubiri. Mnunuzi wa Mwanza aliyezoea kutuma nusu ya fedha kabla mzigo haujatoka hataona tofauti. Ndiyo maana usajili uwe kwa jina na barua pepe ya mwenye kazi, risiti ikae pamoja na hati za duka, na ulipiwe kwa miaka kadhaa kwa mkupuo pale inaporuhusiwa, majina ya.com hulipiwa hadi miaka 10.

Kwa upande wa mnunuzi, namba iliyo kwenye ukurasa ilinganishwe na ile iliyo kwenye risiti ya mzigo uliopita. Zikitofautiana, ipigwe ile ya zamani kwanza, kwa sauti na si kwa ujumbe, kabla fedha haijavuka mpaka.