Wote Walikula, Mmoja Akavimba

Sisi wa mkoa wa Dodoma tunazijua karanga. Tunazilima, tunaziuza, na tunazitia katika mlenda. Akina mama wameshauriwa kwa miaka mingi kutia karanga katika uji wa mtoto ili apate nguvu. Ushauri huo ni mzuri. Lakini yuko mtoto mmoja mmoja ambaye karanga hizo hizo zinaweza kumuua. Sikiliza jinsi mama mmoja alivyogundua jambo hili.

Mtoto wake alikuwa na umri wa mwaka mmoja. Siku moja alikula ugali kwa mlenda pamoja na ndugu zake. Kabla vyombo havijaoshwa, midomo yake ilivimba. Mwili ukatoka mabaka ya kuwasha. Akatapika. Jioni alikuwa mzima, anacheza.

Baada ya wiki mbili yakatokea tena. Safari hii alikuwa amekunywa uji tu. Watu wakaanza kusema. Wengine walisema ni minyoo. Wengine walisema jirani ana jicho baya. Nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana jembe zikaacha kusalimiana.

Mama alikwenda zahanati. Mganga wa zahanati alimwuliza, "Alikula nini?"

"Uji."

"Uji wa unga gani? Alivimba baada ya muda gani?"

Mama hakukumbuka yote. Mganga akamwambia anunue daftari. Aandike kila chakula cha mtoto, saa aliyokula, na kilichotokea.

Mama huyu alijifunza kuandika katika darasa la watu wazima. Daftari lake nimeliona. Halina maneno mengi. "Saa 2, uji wa mahindi. Hakuna neno." "Saa 7, wali na maharage. Hakuna neno." "Saa 1, uji wa unga wa dukani. Amevimba." Halafu mstari mmoja uliomshangaza yeye mwenyewe: "Saa 8, kisamvu. Amevimba kidogo." Kisamvu hicho hakukitia karanga hata moja.

Walilisoma daftari pamoja. Mlenda ulikuwa na karanga. Unga wa dukani ulikuwa unga wa lishe, umesagwa pamoja na karanga. Na kisamvu? Kilitwangwa katika kinu kilichotwangiwa karanga asubuhi, wala kinu hakikuoshwa. Masalio yale kidogo yalitosha. Mtoto akapelekwa hospitali kubwa, na huko wakathibitisha.

Hali hii huitwa mzio. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Kwa mtoto mwenye mzio wa karanga, askari hao huiona karanga kama adui. Vita hivyo ndivyo vinavyoleta mabaka na uvimbe. Mara nyingi dalili huanza baada ya dakika chache. Kwa kawaida muda wa saa 2 haupiti. Wako watoto wengine wenye mzio wa mayai, maziwa ya ng'ombe, samaki, kamba, ngano, soya, korosho au ufuta.

Mimi ni bwana shamba, na wakulima huniuliza kama hii ndiyo sumu kuvu. Siyo. Sumu kuvu hutokana na ukungu unaoota katika karanga au mahindi yasiyokauka vizuri. Hudhuru yeyote anayeila. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mzio ni jambo jingine. Karanga zinaweza kuwa safi na kavu kabisa, familia yote ikala ikashiba, mmoja tu akavimba. Kuzikaanga hakusaidii.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Bibi wa mtoto hakukubali. "Mwanangu, sisi sote tumekulia karanga," alimwambia mkwewe. "Huyu naye atazoea." Siku ya mnada, mama alipokuwa hayupo, bibi alimpa mjukuu kipande cha kashata. Alimpa kwa upendo. Mtoto alianza kukohoa. Pumzi ikawa inapiga filimbi. Akalegea. Jirani yule yule aliyesingiziwa jicho baya ndiye aliyewapakia kwenye pikipiki yake.

Katika kituo cha afya mtoto alichomwa sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja. Baada ya dakika chache alipumua. Alilazwa usiku ule, kwa sababu dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Kwa hiyo, ukiona mtoto amekula kisha anapumua kwa shida au analegea, usingoje. Mkimbize kwa mganga. Usimtembeze. Mlaze, lakini kama pumzi inamsumbua, mpakate akiwa amekaa. Vidonge vya kuzuia kuwashwa hupunguza mabaka tu, havifungui pumzi. Tena usimpe chakula hicho nyumbani ili ujaribu. Kujaribu ni kazi ya hospitali, penye sindano tayari.

Kama mtoto wako hula karanga bila neno, usimnyime. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walitoa habari za watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio huu. Waliolishwa karanga mapema walipata mzio kwa uchache sana kuliko walionyimwa mpaka miaka 5. Mtoto akianza uji, karanga zisagwe laini. Punje nzima humpalia.

Mama yule bado analima karanga. Nyumbani ana vinu viwili, na kile kidogo hakiguswi na karanga. Wakialikwa harusini, bibi hutangulia jikoni kuuliza kilichotiwa katika kila sufuria.